Kocha Ameomba Radhi kwa Mjomba. Je, Bado Niende Polisi?

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na utulivu ambao mwezi uliopita sikuwa nao, kwa kuwa binti yangu Raya, mwenye miaka kumi na mitatu, amerudi kukimbia, na kila asubuhi namwona akipandisha kilima hapa Bigwa na mwalimu wake mpya, Paskalia, wakicheka, lakini bado lipo jambo linalonisumbua. Mwaka jana nilimpeleka kwa kocha wa klabu ya watoto, nikabeba na mkungu wa ndizi, nikamkabidhi mbele ya mtoto mwenyewe kama wazazi wetu walivyotukabidhi chuoni kwa mwalimu wa Kurani: "Kuanzia leo huyu ni wako, mwalimu, akikubishia niambie mimi," na kumbe maneno yale ndiyo yaliyomfunga mdomo, kwani kocha alipoanza kumkanda misuli ndani ya stoo ya mipira, wawili tu, mlango umefungwa, na mkono ukapanda mahali pasipouma, Raya alinyamaza miezi mitatu akiamini kwamba kusema ni kubisha, mpaka siku aliponiuliza, "Mama, na hayo nayo ni mazoezi?" Nilimtoa siku ileile. Kwetu Waluguru shauri la mtoto ni la mjomba wake, kwa hiyo nilimpelekea kaka yangu Mwinjuma, naye akamwita kocha, kocha akaomba radhi mbele ya wazee, na kaka akasema, "Dada, limekwisha. Ukienda polisi utamwanika mtoto wetu mji mzima." Nilikubali, hata nikashukuru, lakini juzi Raya akifunga viatu akaniambia, "Mama, Shakila bado anakandwa." Shakila ni mtoto wa jirani, ana miaka kumi na mmoja. Je, nikienda polisi nitakuwa nimemvunjia kaka yangu heshima?

Mama Raya, Bigwa

Mama Raya, marahaba. Nilikupigia simu saa ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu mtoto aliye hatarini hangojei gazeti litoke. Haya nayachapisha kwa idhini yako, majina yenu nimeyabadilisha, na la kocha nimeliacha polisi, mahali pake.

Mwanao alisema, ukamwamini, ukamtoa. Wazazi wengi hukwama hapo, nawe hukukwama. Hata hivyo nilikukaripia na narudia. Mwalimu hukabidhiwa kazi ya kufundisha. Wewe ulimkabidhi na ulimi wa mtoto. Nilikutaka umwambie Raya waziwazi kwamba maneno yale umeyafuta, na kwamba kumkataza mkubwa yeyote asimguse, awe kocha au mjomba, si utovu wa adabu.

Kisha ukakubali radhi iliyoombwa kwa wazee. Wazee walikandwa lini? Kaka yako ana kauli juu ya ukoo wenu, nayo naiheshimu, lakini Shakila si wa ukoo wenu, na ufunguo wa stoo ulibaki mfukoni mwa mtu yuleyule. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Haikumtoa mjomba.

Ndiyo maana nilikuagiza uanzie kwa mama Shakila, asimpeleke mwanawe mazoezini. Uandike maneno ya Raya kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Uende Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, uombe asikilizwe faragha, afisa wa ustawi wa jamii akiwapo. Anayeshindwa kufika apige 116, ni bure. Na kaka yako usimwombe ruhusa. Mwambie unakwenda, umwalike.

Umenijulisha kwamba mama Shakila amemzuia mwanawe, na kwamba kaka yako alinung'unika njia nzima, "Mwaniaibisha, nyie wanawake," lakini alikwenda, na kituoni akakataa kukaa mpaka mpwa wake apatiwe kiti. Huyo ndiye mjomba.

Kwa Paskalia pia weka sharti, ingawa unampenda: kukanda kufanyike uwanjani, mtu mzima wa pili akiona, na ujumbe wa simu upitie kwako. Mwalimu mwema hataudhika.

Maelezo ya Raya yamekwisha kuchukuliwa. Usimhoji tena. Mwache akimbie.