Mlio wa kifuniko

Shoga, ngoja nikusimulie ya leo.

Alfajiri nilisikia msumeno wa umeme wa mwanangu seremala, lakini ule mlio wa “tak”, kifuniko kinaporudi kuficha meno, sikuusikia.

Nikaenda karakana. Kumbe amekifunga juu kwa mpira. Ati, “Mama, kinanizuia kuona mstari.”

“Na vidole vikidondoka, mstari utauona?”

Akacheka. Akakata, akainua msumeno, meno yakiwa wazi bado yanazunguka, akanyoosha mkono kuchukua ubao.

Yakanyofoa mkono wa shati. Shati tu, shoga. Shati tu.

Akaufungua ule mpira mwenyewe. Kisha akanipangusia kigoda vumbi la mbao, yeye anayenifukuza humo kila siku.

“Mama, na kesho uje.”