Wino Mwekundu kwenye Buletini ya Keza

Songo, Uvira
Jumapili, tarehe 18 Februari 2024

Mpendwa Mama Mdogo Marie,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote wa nyumbani Kalemie. Mgongo bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Baba Mdogo Michée amepona ile homa yake? Tunawataja kila jioni tukisali. Sisi huku tuko wazima. Mvua imekuwa kali, mto Mulongwe umeingia tena kwenye vibanda vya wauzaji, lakini kwetu Songo maji hayakufika mlangoni. Keza wako naye ni mzima na amerefuka. Ile sketi ya shule uliyomshonea nimeikunjua pindo mara mbili.

Mimi usiniulize, nimenenepa kwa furaha. Miezi minne ya ndoa, Mama, na bado nikisikia viatu vya Bienvenu uani moyo unaniruka kama siku ile kanisani. Asubuhi ananitangulia bombani na ndoo. Majirani wanamcheka, eti mwalimu mzima anamchotea mke maji, naye anawajibu, "Nyinyi bado hamujaoa, mumefunga ndoa tu." Akirudi na chaki kwenye kola, siifuti haraka. Naiangalia kwanza.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utaniuliza swali moja, Keza amepata ngapi, nami nitakujibu namba moja, na namba hiyo haitakuwa kweli wala uongo. Ndiyo shida yangu ya wiki hizi mbili.

Buletini yake, ile ripoti ya shule ya semesta ya kwanza, iko ndani ya bahasha hii. Utaona asilimia 51, nafasi ya 27 kati ya wanafunzi 48. Kwenye mstari wa hesabu utaona wino mwekundu: 35 juu ya 80. Nayakumbuka maneno yako siku ya harusi yetu, ulipotuachia mtoto: asipofika 55 kwenye buletini ya kwanza, arudi Kalemie akae kwenye cherehani ya pili. Sijasahau, na yeye hajasahau. Ila kabla hujamtuma mtu kumchukua, nisome mpaka mwisho.

Unajua kwamba Bienvenu ndiye anayefundisha hesabu darasa la nane, darasa la Keza, na ndiye msimamizi wao. Tulipolipanga jambo hili tulifurahi sote, tukasema mtoto atakuwa mikononi mwa shemeji yake. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Sasa, mwisho wa semesta, walimu wanaleta kazi nyumbani. Meza yetu ilijaa: makaratasi ya mtihani, daftari kubwa la pointi, na zile buletini tupu zilizohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, mume wangu aliniomba nimsaidie kunakili. Nilijiona malkia. Yeye ananisomea kutoka kwenye daftari, mimi naandika, bluu kwa aliyefika nusu, nyekundu kwa asiyefika. Tunakunywa chai, tunacheka majina ya watoto. Kumbe ni mkono wangu mwenyewe ulioandika ile nyekundu ya Keza. Niliiandika, nikaendelea na mwingine.

Mama, nilisoma mpaka nikapata diploma, lakini miaka yote hiyo nilidhani pointi zinashuka zenyewe. Unaandika, unangoja, zinafika. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu amekaa mahali, amechoka, chai yake imepoa, anaamua hii ni nne au ni tatu.

Siku iliyofuata nilikuwa nafunga yale makaratasi kwa kamba ili yarudi shule. La Keza lilikuwa juu, chini yake la kijana anayeitwa Hirwa. Swali la tatu wote wawili walienda vizuri mpaka mstari wa mwisho, na hapo wote wawili wakasahau alama ya kutoa. Kosa lilelile, mahali palepale. Hirwa amepewa nne juu ya tano. Keza amepewa moja.

Nilisoma tena na tena. Nikadhani ni mimi nisiyejua. Bienvenu alipoingia nikamwonyesha.

"Hii na hii si kosa moja?"

"Ni moja."

"Mbona huyu iko na ine na huyu iko na moja?"

Alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. "Huyu iko wa nyumbani," akasema.

"Wa nyumbani ndiye mwenye kupakuliwa kidogo?"

Hakucheka. Aliniambia kwamba tangu mwezi wa kumi, walimu wenzake wanamtania: Keza anakula pointi kwenye sahani ya dada yake. Wazazi wawili walikwisha kuuliza. Basi yeye akajiwekea sheria kimyakimya: pale mwingine anapopata nusu pointi kwa kujaribu, Keza asipate, pale kosa la mwingine linakatwa moja, la Keza likatwe zaidi. Asitokee mtu wa kusema. Na hakuniambia, kwa sababu alijua ningemwomba aache.

Nilitoka nikaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Sikujua nimkasirikie nani. Mwanaume niliyempenda kwa kuwa hapindi mambo, ndiye huyo. Uaminifu wake ndio niliousifu kwako siku ya kumtambulisha, na uaminifu huohuo umemkata mdogo wangu. Nikijaribu kuchukua kimoja na kuacha kingine, naona ni kitu kimoja. Bado sijaelewa, Mama, na bado nampenda mpaka naona aibu.

Asubuhi aliamka kabla yangu. Alichukua makaratasi kumi, la Keza na la Hirwa ndani yake, akakunja kona zote zenye majina na kuzibana, akaandika pointi zake pembeni kwenye karatasi nyingine na kufuta zile za penseli. Akampelekea mwenzake Evariste, anayefundisha hesabu madarasa ya juu. Evariste ni mtu wa mizaha, alimwambia, "Bwana harusi, kazi inakulemea sasa?" lakini alisahihisha yote kumi bila kujua ni ya nani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mtihani wa Keza, ambao ni nusu ya zile 80, Bienvenu alikuwa ameupa 17 juu ya 40. Evariste ameupa 25. Nikafurahi. Kisha nikaona wa Hirwa: Bienvenu alimpa 28, Evariste 24. Na ule mwingine umepanda tatu, mwingine umeshuka mbili. Kati ya kumi, miwili tu ndiyo iliyolingana. Kwa hiyo, hata kwa watoto ambao hakuna aliyewaonea, pointi zinategemea nani ameshika kalamu. Nilidhani ni kama kilo za sokoni. Lakini hata mizani ya sokoni, mimi na wewe tunaijua.

Bienvenu alikwenda mwenyewe kwa prefe, mkuu wa shule, akamweleza yote. Sikumtuma. Aliporudi alikuwa mdogo kama mwanafunzi aliyefukuzwa. Prefe alimkaripia, kisha akaitia ile 25 kwenye daftari la pointi, ili ihesabiwe mwisho wa mwaka. Tena akaamuru kwamba kuanzia sasa mpaka mwezi wa sita, kazi zote za hesabu za Keza zisahihishwe na Evariste. Lakini buletini yenyewe haigusiki. Imekwisha kupigwa muhuri, na chini yake imeandikwa kwamba ikifutwa au kuandikwa juu haina thamani. Nyingine tupu hakuna; zinakuja kwa hesabu. Ndiyo maana nakuletea karatasi yenye muhuri inayosema 51, na barua isiyo na muhuri inayosema sivyo.

Nisikudanganye. Hata ukiziongeza zile pointi nane za mtihani kwenye jumla ya masomo yote, ambayo ni juu ya 400, inakuwa asilimia 53, siyo 55. Zinabaki pointi zile za kazi ndogo za darasani, ambazo nazo zilipita mkononi mwa Bienvenu kwa sheria yake ileile. Yeye mwenyewe anaamini alimpunja huko pia, ila hakumbuki kiasi. Tungeweza kuzisahihisha upya, lakini Keza alizichana zote, kila moja siku aliyorudishiwa, kwa aibu. Kwa hiyo hizo pointi mbili za asilimia, hakuna mtu Uvira nzima anayeweza kuapa kwamba zipo au hazipo.

Bienvenu alimwita Keza sebuleni mimi nikiwepo, akamwomba msamaha. Nilidhani mtoto atalia au atakasirika. Alichezea kifungo cha shati, kisha akasema polepole, "Shemeji, minye nilizani sijue hesabu." Basi. Bienvenu alitoka nje, nami sikumfuata.

Mama, kwangu hilo ndilo zito kuliko 51. Kwa miezi minne mtoto wako aliambiwa na karatasi kwamba hajui, akakubali. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu alianza kuniuliza jinsi ya kukata kola, nikafikiri anapenda kushona kama wewe. Alikuwa anajiandaa kuondoka. Nimemuuliza jana waziwazi: unataka kurudi kwa mama au kubaki? Akasema anataka afanye mtihani mmoja wa Evariste, ajue yeye ni nani, halafu akubali utakalosema.

Sijui kama namba yako ya 55 ilikuwa sheria au ilikuwa njia ya kumtia moyo. Ni wewe mzazi. Kwenye buletini kuna mstari wa sahihi ya mzazi; shule ilinikubalia niweke ya kwangu, lakini sikuiweka. Kaka Clovis anapanda boti Kalundu keshokutwa, atakukabidhi bahasha hii mkononi, na Jumapili ijayo anarudi. Ukiisaini na kumpa airudishe, Keza atabaki na kukaa mbele ya Evariste. Ikibaki kwako, nitaelewa, nitamfungia nguo zake wala sitakulaumu. Ninachoomba ni kwamba uamue kwa kumwangalia yeye, siyo ile nyekundu, maana nyekundu ile niliiandika mimi na sasa najua ilikotoka.

Msalimie sana Baba Mdogo Michée, dada Noella na watoto wake, na wanakwaya wote waliotuimbia. Bibi yetu wa Makobola anakusalimu. Alikuja wiki jana na visamaki vya ndagala vikavu, nimekuwekea kikapu kidogo kwa Clovis. Bienvenu anakusalimu pia, ila ameona haya kuandika mstari wake mwenyewe. Ameniomba niseme kwamba atasikiliza lolote utakalomwambia.

Mungu akulinde mgongo na macho, na akupe amani usiku utakaposoma haya.

Ni mimi binti yako, nikupendaye hata nikiwa sielewi,

Chance