Jiwe la Shamso

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Ijulikane kote Galbet, na hata ng'ambo ya Tana: leo asubuhi Jiwe limechanua! Maua madogo, rangi ya ini, yananuka kama mbuzi aliyekufa juzi. Jirani yangu Abdihafid kaja hadi getini, kilemba puani. Eti, "Mwalimu, tafuta chini ya kitanda, kuna kitu kimekufa kwako." Nikamwonyesha. Akasema Garissa nzima watu wanafuga ngamia, mimi nafuga jiwe.

Marehemu mke wangu angecheka. Shamso aliliotesha mwenyewe kwa mbegu, kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Halina jani wala mwiba — donge la kijani lenye ngozi ya kenge. Mimea yake mingine adimu nimeshaiua yote, kwa bidii na mapenzi. Limebaki hili tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Takaba. Mara ya kwanza tangu mazishi. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, basi mimi nikavitazama viatu vyangu, yeye akavuta shungi. Maneno yote yakapitia kwa binti yetu Hinda. Nilisikia bibi akimuuliza Hinda, mama yake kaacha nini. Hinda akampeleka kwenye kopo.

Jumatano, 10 Septemba

Jiwe limepauka. Nimeligusa — linabonyea kama ndizi mbivu! Na maji sijalizidishia, wallahi. Kijiko tu, mchanga ukikauka kabisa, kama Shamso alivyoagiza. Labda joto. Labda huu mkono wangu, unaojulikana.

Jumapili, 14 Septemba

Basi, ilivyokuwa ni hivi.

Baada ya adhuhuri nilimkuta mama mkwe uani na birika lake la udhu. Maji yaliyobaki alikuwa akiyamimina kwenye kopo, polepole, mkono mwingine ukilipapasa Jiwe. "Kunywa, mwanangu."

Nikamvuta Hinda kando.

"Kila swala, Aabo. Nilimkataza. Akasema kwao chenye uhai hakinyimwi maji, itakuwa cha mtoto wake?"

Nikaingia jikoni kuchukua kisu. Palipooza hukatwa, palipobaki huanikwa. Shamso aliwahi kuponya mmea mmoja hivyo. Lakini uozo haungoji.

Nilipotoka alikuwa bado amechutama pale. Akainua macho, akanitazama. Usoni kabisa! Ana macho ya Shamso. Sikuwa najua.

"Limelainika," akaniambia mwenyewe, bila Hinda. "Lilikuwa gumu kwa kiu. Sasa linanisikia."

Kisu nimekibana nyuma, kwenye kikoi. Nilifungua kinywa. Miaka yote hii nafundisha watoto wa watu insha, na sentensi moja imenishinda.

Akaninyooshea birika. "Leo mpe wewe."

Nikalipokea. Nikasema ni tupu, naenda kuongeza maji.

Si tupu. Liko hapa mezani ninapoandika, na kisu kando yake. Namsikia uani akimwambia Hinda waningoje. Adhana ya alasiri ndiyo hiyo inaanza. Atalitaka birika lake —