Mstari wa Tata Mbuyi

Mjukuu wangu Odette,

Huku Kolwezi tuko wazima, mama yako anakusalimu.

Unauliza kama uiache mistari ambayo kompyuta imeikataa ulipoingiza faili la majina. Wakati Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa huku kwetu, mi nilikuwa karani mgodini, nikiingiza majina hivyo hivyo, kwa kuandika amri. Mashine ikakataa mstari wa fundi wetu Mkasai, Tata Mbuyi, yaani Mzee Mbuyi: safu ya kijiji cha asili ilikuwa tupu. Bila mstari ule, hakuna cheti cha kazi cha kuonyesha huko aendako.

Nikamwita dirishani. "Tata, kijiji chenu ni kipi?"

"Mi nilizaliwa hapa, mama. Andika Kolwezi."

Nikaandika, nikaingiza upya, mashine ikakubali. Alikisoma cheti polepole, akakikunja, akaenda kupanda treni ya kumtoa Kolwezi.

Fungua mistari yako, mjukuu wangu. Isome mmoja mmoja.

Kambo wako, yaani bibi yako,
Régine