Kule Mimi Nifike

Hodhan,

Nabad miyaa? Usinijibu. Najua ungesema nini: "Waa nabad, abaayo," ni amani tu, dada yangu, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Mtu atakutakia amani mara nne, atakunywa chai kikombe kizima, ndipo akwambie kwamba jana wamemzika mama yake. Basi leo mimi nakunyima hiyo amani. Nina habari mbaya na nina hasira, na hasira yenyewe ni yako wewe.

Kwanza ujue siandiki. Tangu ufe sijaandika hata ukurasa. Nimekwenda Wajir mara mbili kwa kazi ya shule, na mara zote mbili nimeomba kiti cha upande wa ndani, nikajifunika mtandio usoni mpaka tukafika. Kondakta alidhani naumwa. Nilimwambia ndiyo, naumwa. Wewe uliyekuwa ukipigana na wanaume wazima kwa ajili ya kiti cha dirishani ungenicheka sana, na ningekutukana.

Maana wewe ndiye uliyeniharibia safari. Kabla yako basi lilikuwa basi tu, unapanda Garissa, unalala, unaamka na vumbi mdomoni. Ukaja wewe na sheria zako. Kila likizo tunatafuta gari la kwenda mahali, si harusi wala msiba, eti tunakwenda kuona. Nikakwambia mwenye macho haambiwi tazama. Ukanijibu, "Huambiwa, Fatuma. Kila siku huambiwa." Sheria ya kwanza ikawa ngamia ni marufuku. Anayemwandika ngamia ananunua chai. "Ngamia kila mgeni anamwona," ulisema. "Wewe niambie aliyemfunga kamba ana viatu gani."

Takaba ndiko uliponifundisha zaidi, hilo sikunyimi. Unakumbuka wale wazee wawili kwenye mnada wa mifugo? Mmoja anauza, mwingine ananunua, na mikono yao imefichwa chini ya shuka, wanabanana vidole. Kidole hiki ni kiasi hiki, kile ni kile, na sisi tuliosimama karibu hatujui kitu. Mimi nilikuwa nanyoosha shingo nione mikono. Ukanivuta. "Acha shuka, tazama nyuso!" Kweli, yule mnunuzi alikuwa anatabasamu huku jasho linamtoka, na muuzaji anaangalia mbali kama mtu anayengoja mvua. Ukasema hadithi nzima iko hapo. Bei iache chini ya shuka, msomaji muoneshe nyuso, ataijua mwenyewe.

Na pale kwenye kizuizi cha polisi barabarani, tuliposhushwa wote tupange foleni na vitambulisho mkononi kama wageni katika nchi yetu. Mzee mmoja alikuwa akifoka basini tangu alfajiri, mara dereva, mara jua, mara wajukuu zake. Alipofika mbele ya yule askari akawa mtoto. "Ndiyo, afande. Ndiyo, afande. Ndiyo, afande." Mimi damu ilinichemka. Wewe ukaninong'oneza nisiandike kwamba anaogopa, niandike ile ndiyo mara tatu, basi. Nikakuuliza kama huna uchungu. Ukasema uchungu unao, lakini kwanza umalize kusikiliza.

Haya. Tuje mtoni, maana najua ndiko unakongoja nifike.

Tulikuwa tumesimama kando ya Tana, upande wa Masalani, msimu ule wa mvua. Maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa, na magogo yanapita kwa kasi. Ng'ambo ya pili kulikuwa na mkokoteni wa punda, na juu yake mwanamke aliyejifunika shuka la rangi ya machungwa. Watu waliokuwa naye walikuwa wanapunga mikono wakiita mtumbwi. Alikuwa na uchungu wa kuzaa, walio karibu nasi walisema, na hospitali iko huku kwetu. Mwenye mtumbwi alikaa chini akautazama mto, akatikisa kichwa. Huwezi kumlaumu, gogo moja tu lingewamaliza wote. Kisha gari letu la Garissa likapiga honi, na sisi tukaenda.

Mwaka uliofuata ukahamishiwa shule ya ng'ambo kule, ukafurahi, Mungu wangu, ukafurahi kama umepewa Makka. Ukaandika hadithi ya yule mama, ukanitumia. Nikaisoma jikoni nimesimama, maharagwe yakaungua. Kila kitu kilikuwemo, punda, magogo, lile shuka, na mwenye mtumbwi alivyotikisa kichwa. Halafu mwisho! Mwisho mwenye mtumbwi anainuka, anavua shati, anavuka, anamleta mama, na mtoto analia wodini Masalani. Nilikupigia simu hapo hapo. Nilikwambia umesema uongo. Wewe uliyenikataza kuandika nisichokiona, uliona wapi yule mama akivuka? Sisi tuliondoka! Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Ukasema tu, "Bei iko chini ya shuka, Fatuma." Nikakata simu. Nilidhani unanidharau.

Kisha na wewe ukashika mimba, na mvua zikaja tena.

Alinipigia mumeo. Uchungu ulikujia kabla ya wakati, wakakuleta mtoni asubuhi juu ya mkokoteni wa punda. Mkokoteni wa punda, Hodhan! Mto umejaa. Mtumbwi uko upande wa pili. Wakapunga mikono wee mpaka alasiri. Ukafia pale mchangani, na mtoto ndani yako, na hospitali inaonekana paa lake. Walikuzika huko huko kabla jua halijazama kwa sababu hata maiti haikuweza kuvushwa. Na mimi nilikuwa Garissa, barabara imekatika, nazungukazunguka sebuleni kama kuku. Kuna watu waliokuja kuniambia ni qadar ya Mwenyezi Mungu. Naamini. Lakini daraja halijengwi na malaika, na waliotuahidi wote wanakula wameshiba.

Sasa habari yenyewe. Mchapishaji wa Nairobi uliyempelekea hadithi amekubali kuiweka katika kitabu cha shule. Mhariri alimpigia mumeo, mumeo akasema muulizeni Fatuma, mambo hayo anayajua yeye. Akanipigia. Sauti laini. "Pole sana, Mwalimu. Lakini unaona, mwisho huu sasa haushawishi. Tukimuua huyo mama, halafu tueleze chini kwamba hata mwandishi alikufa vivyo hivyo, itawachoma watu." Itawachoma watu! Kama anazungumzia nyama ya mbuzi. Akanipa siku chache nimpe jibu.

Na unajua kilichoniuma? Nilikubaliana naye kuhusu mwisho. Si kwa sababu zake. Nilitaka kuufuta kwa sababu ulikuwa uongo, na uongo wako ulikuwa umenichoma mimi. Kila nilipoufikiria ule mtumbwi ukija, niliona wewe umelala mchangani unaungoja. Nikasema hapana, nitauandika upya kwa mkono wangu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba huandiki mahali kabla hujaenda. Nikafunga safari.

Mto sasa umeshuka, ungeona haya kwa niaba yake. Mwenye mtumbwi alinivusha huku anapiga mluzi. Sikupata hata nafasi ya kufunga vizuri mtandio, tumeshafika. Nilitaka kumpiga kibao, masikini, na hakunikosea lolote. Kaburi lako wamelizungushia miiba kuzuia fisi. Nilikusomea Yasin, nikakosea mara mbili.

Nikiwa pale akaja mama mmoja na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amejifunga shuka la rangi ya machungwa, limepauka sana. Nililijua. Nilisimama nikamtazama kama mwendawazimu. Nikamuuliza kama ni yeye, wa mkokoteni, wa mvua ile. Akasema ni yeye, anaitwa Maka. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

Alinyoosha kidole chini, mtoni. "Mtoto yangu alikufa hapo, mwalimu. Mtumbwi haikuja."

Kisha akaniambia habari zenu. Kwamba ulipohamia ulimtafuta nyumba kwa nyumba mpaka ukampata. Kwamba alikusimulia yote, mkalia pamoja. Kwamba ulimuuliza aandikwe vipi, na yeye akakujibu. Alinirudilia maneno yenyewe, polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani: "Hapa, mimi sikufika. Kule kwa kitabu yako, kule mimi nifike."

Kumbe ulijua. Ulijua mtoto alikufa, ulijua mtumbwi haukuja, na ulikaa kimya ukaniacha nikuite mwongo. Ulificha mkono wako chini ya shuka nami nikanyoosha shingo pale pale, kama Takaba, nisitazame uso wa mtu. Ungeniambia tu! Neno moja! Ningekuomba radhi ukiwa hai. Sasa nikuombe wapi, miibani?

Nilikaa mchangani nikalia kwa hasira, Maka akanipa maziwa, nikayanywa kwa sababu ni aibu kukataa.

Nimempigia mhariri. Nimemwambia Maka anavuka, kama ulivyoandika, asiguse hata nukta. Na habari ya kifo chako asiiweke hata mstari mmoja chini ya hadithi ya mtu mwingine. Akashusha pumzi. Nikamwambia anaweza kushusha pumzi mpaka jioni, jibu ni hilo.

Kwa hiyo nakuaga, abaayo. Allah akurehemu wewe na mwanao, alipanue kaburi lako. Nakuahidi mambo mawili. La kwanza, kesho narudi Garissa na nimeomba kiti cha dirishani. La pili, yako nitaiandika mimi. Nitaweka paa la hospitali, nitaweka punda, nitaweka jinsi mumeo alivyovua kanzu akaipunga mpaka mkono ukafa ganzi. Ngamia hatakuwemo. Lakini usitegemee fadhila, Hodhan. Maka aliomba afike, ukamfikisha. Wewe hukuniomba kitu. Kwangu mimi utakaa pale tangu asubuhi, na mtumbwi hauji.

Fatuma