Koja la Shangazi Lupe

Nukunuku,
Tongatapu.
14 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Maka,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Auckland? Sisi wazima. Mimi kitambi kimezidi. Watoto wanasema nikianguka nitabingirika mpaka baharini.

Barua yako imefika. Unauliza nani alitia koja la maua mabichi kwenye kontena la tikitimaji. Ni Shangazi Lupe.

Mkaguzi wa mizigo alikuwa ametoka kidogo kuchukua lakiri ya kufungia kontena garini. Shangazi akatokea na koja lake. "Mzigo wa kwanza wa ukoo wetu uende uchi, kama mzigo wa mwizi?"

Nikamwambia, "Shangazi, wenzetu kule hawataki hata jani."

"Wewe Uili, baba yako nilimfunga nepi mimi. Sogea, na hilo tumbo!"

Nikasogea. Unajua mwenyewe, dada mkubwa wa baba hakatazwi kitu hapa. Mlango niliufunga kwa mikono yangu hii. Kwa hiyo wale sisimizi waliokutwa huko ni wetu.

Nimesikitika kusikia kwa ajili yao matikitimaji yote yamefukiwa, mnunuzi amevunja mkataba, na wewe uliyetudhamini kwake umefukuzwa kazi. Pole sana.

Sasa hapa watu waliolima walitaka kumjua mharibifu. Shangazi hatajiki, aibu ingemuua. Mimi nakaa nao kanisani kila Jumapili. Binamu yetu Fatai, ambaye siku ile alikuwepo, akaninong'oneza, "Maka si yuko mbali? Matusi hayavuki bahari." Nilicheka, sikufichi.

Basi kikaoni tulisema ulilewa, ukasahau karatasi za mzigo mpaka matikitimaji yakaoza bandarini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Hawakuuliza hata moja.

Aliyesimama kwanza ni Shangazi. "Mtoto yule tangu zamani ana kichwa kibovu. Shamba lake la nyuma ya kanisa apewe Fatai, mazao yawafidie watu." Nani angembishia? Nilifikiria kukutetea, lakini chakula kilikuwa kimeshaletwa.

Tafadhali usiandike kukanusha. Barua zako Shangazi husomewa, hii ya mwisho tu niliiwahi nikaificha, na mimi nimemwambia koja lake lilifika salama, bosi wa wanunuzi akalivaa siku tatu, hata kazini hakulivua. Tangu hapo anatembea kama msichana.

Mke wangu Losa anakusalimu sana. Fatai naye, anasema udongo wako mzuri kuliko wake.

Shangazi amekusamehe. Ndiyo maana umekuta ua bichi humu. Anataka umpelekee yule bosi, umwombe radhi. Alinisimamia nikiifunga bahasha. Najua posta ya huko wanachungulia kila kitu, na jina lililoandikwa juu ni lako. Lakini alisema, "Sogea," nami nikasogea.

Mungu akushike mkono huko uliko, maana sisi tumeuachia.

Kaka yako akupendaye vilevile,
Uili