Casque inayoacha sauti za watu

Maman, amani kwenu bote huko Bukavu! Niko Bruxelles, bado masaa nane mu ndege mupaka Montréal, na nimepata, mu duka ya uwanja wa ndege, casque ya masikio ya kuzima makelele ya ndege! Ya kwanza niliyojaribu ilizima kila kitu, nikaitoa mbio. Unajua, kwetu muji ukinyamaza hivyo, masasi iko karibu, tunaingia chini ya kitanda, na wewe unatuita mumoja mumoja kwa jina. Ya pili ilikata mungurumo wote wa ndege za inje, paa! Lakini watu niliwasikia bado. Nikapiga kelele: «Hii imeharibika!» Duka lote likageuka. Muuzaji akacheka: «Hapana, madame. Inaua moteur, inaacha sauti za watu.» Nikaichukua palepale!

Ukiita majina tena, maman, usiruke langu. Nitasikia.

Mutoto wako,
Nsimire